Onyo la Rejista Kwenye Kompyuta: Kabla ya Kubofya "Ondoa Vyote", Uliza Nani Aliandika

Ni asubuhi ya Jumatatu katika afisi ya wadi. Siku ya mwisho ya kupokea fomu za basari ni Ijumaa, na foleni ya wazazi imefika mlangoni. Karani anawasha kompyuta. Kabla hajafungua orodha ya majina, programu ya kukinga virusi inaleta dirisha jekundu: vitu vitatu vimepatikana. Vyote vitatu vinaanza kwa herufi kubwa HKEY, vikifuatwa na mstari mrefu wa maneno ya Kiingereza. Chini yake kuna kitufe kimoja cha kuondoa vyote.

Huu ni mfano tu, lakini wengi wetu tumewahi kukaa kwenye kiti cha karani huyo. Mbele yake kuna njia mbili rahisi, na zote mbili zina hasara. Akibofya kuondoa vyote, huenda akafuta mpangilio uliowekwa makusudi na idara ya TEHAMA, au akavuruga printa katikati ya wiki ya basari. Akifunga dirisha na kuendelea na kazi, huenda akaacha ndani ya mashine programu inayonakili manenosiri na nambari za vitambulisho vya wazazi hao hao walio mlangoni.

Makala hii inaeleza njia ya tatu. Inamfaa mfanyakazi wa kaunti, mwalimu anayesimamia maabara ya kompyuta, mwenye kibanda cha saiba, mweka hazina wa chama na yeyote mwenye kompyuta ya Windows nyumbani. Huhitaji kuwa mtaalamu. Unahitaji kusoma mstari mmoja kwa makini na kuuliza maswali machache kwa utaratibu.

Rejista ni nini?

Kila afisi kubwa ya serikali ina masjala, mahali ambapo barua na maagizo yote huwekwa kwenye faili ili kila idara ijue la kufanya. Windows nayo ina masjala yake, inayoitwa rejista. Ni hifadhi ya mipangilio: programu zipi zianze kompyuta inapowashwa, faili za aina fulani zifunguliwe na programu gani, mtumiaji gani amezuiwa kufanya nini. Rejista ilianza kwa umbo dogo katika Windows 3.1 mwaka 1992, na tangu Windows 95 imekuwa ndiyo kitovu cha mipangilio ya mfumo huo.

Masjala hii ina vyumba kadhaa vikubwa. Viwili vinatosha kwa mwananchi wa kawaida. HKEY_LOCAL_MACHINE, ambacho skana hufupisha kuwa HKLM, kina maagizo yanayohusu mashine nzima. HKEY_CURRENT_USER, au HKCU, kina maagizo yanayomhusu mtumiaji aliyeingia wakati huo. Ndani ya vyumba kuna folda zinazoitwa funguo, na ndani ya kila ufunguo kuna karatasi moja moja zenye jina na thamani. Mara nyingi thamani ni 1 au 0, yaani ndiyo au la.

Kwa kawaida, karatasi ya rejista si kirusi chenyewe. Ni agizo. Linaweza kuwa agizo jema lililoandikwa na msimamizi wa kompyuta, au agizo baya lililoachwa na mwizi. Ukiliangalia kwa nje, yote mawili yanaweza kufanana herufi kwa herufi.

Kwa nini skana hulalamika

Mfikirie bawabu wa usiku. Amepewa amri kwamba lango likiwa wazi baada ya saa nne, apige kengele. Usiku mmoja analikuta wazi, anapiga kengele. Amefanya kazi yake sawasawa. Lakini yeye hajui kama lango limefunguliwa na mwizi, au na mwenye nyumba anayemsubiri mgonjwa kutoka hospitalini.

Skana ya usalama ni bawabu wa namna hiyo. Inapotoa onyo la rejista, mara nyingi inasema jambo moja tu: mpangilio huu hauko katika hali yake ya kawaida. Haisemi ni nani aliyeubadilisha, wala alikuwa na nia gani. Swali hilo umeachiwa wewe.

Kwa hiyo kengele ya uongo ni moja kati ya mambo mawili. Ama mpangilio umebadilishwa kweli, lakini na mtu mwenye mamlaka na kwa sababu inayojulikana. Ama skana yenyewe imekosea na kukiita kibaya kitu ambacho ni halali. Onyo haliwi la uongo kwa sababu tu kompyuta inaendelea kufanya kazi vizuri. Programu ya wizi hupenda kompyuta ifanye kazi vizuri, ili mwenyewe asishtuke.

Maswali sita ya kujiuliza

Kwanza: ni skana yangu inayozungumza? Kabla ya kupima onyo, hakikisha limetoka kwenye programu unayoijua. Ukurasa wa mtandao unaopiga kelele kwamba rejista yako imeharibika na kukutaka upige simu fulani ni utapeli. Microsoft imeeleza wazi kwamba ujumbe wake wa hitilafu na tahadhari haubebi nambari ya simu. Funga kivinjari, usipige simu, na usimruhusu mtu usiyemjua kuingia kwenye mashine yako kutoka mbali. Jihadhari pia na programu za kusafisha rejista zinazodai kupata mamia ya makosa kisha zikaomba malipo. Makosa hayo kwa kawaida ni mabaki ya programu zilizoondolewa, si shambulio, na Microsoft haiungi mkono matumizi ya programu hizo.

Pili: onyo limepewa jina gani? Soma jina lote. Malwarebytes, kwa mfano, hutumia herufi PUM mbele ya jina kumaanisha badiliko ambalo huenda hulitaki. Neno la kushika hapo ni "huenda". Majina yenye Gen au Heur huashiria kwamba skana imekisia kwa kufananisha tabia au umbo, haikutambua kitu mahususi. Majina yenye Trojan, Backdoor au Ransom ni mazito zaidi. Jina peke yake halitoi hukumu, lakini linakuambia uharakishe kiasi gani.

Tatu: anwani yake ni ipi? Njia ya rejista husomwa kama anwani ya barua, kutoka chumba kikubwa hadi karatasi. Ukiona neno Policies ndani yake, agizo hilo liko mahali ambapo wasimamizi huweka masharti yao. Ukiona Run mwishoni, ni orodha ya vitu vinavyoanzishwa mtu anapoingia kwenye kompyuta. Ukiona Image File Execution Options, ni mahali ambapo programu moja inaweza kuagizwa ifunguke badala ya nyingine.

Nne: agizo linaelekeza wapi? Ikiwa thamani ni 1 au 0, ni kizuizi au ruhusa tu. Ikiwa ni njia ya faili, basi kesi yote imo kwenye faili hilo. Liko wapi? Programu nyingi halali hukaa ndani ya Program Files. Faili lenye jina la kubahatisha ndani ya folda ya Temp linatia shaka. Hata hivyo usihukumu kwa mahali pekee, kwa sababu programu halali kama OneDrive na Zoom zinaweza kukaa ndani ya AppData, folda ambayo wezi nao huipenda. Bofya faili kwa kitufe cha kulia, chagua Properties, kisha tazama ukurasa wa Digital Signatures. Saini halali ya kampuni unayoijua ni ushahidi mzuri. Kukosa saini si hatia, maana programu ndogo ndogo nyingi hazina, lakini ni sababu ya kuendelea kuuliza.

Kuna agizo moja ambalo halihitaji mjadala mrefu: mstari wa Run unaoita powershell au mshta na kufuatwa na msururu mrefu wa herufi usiosomeka. Mtumiaji wa kawaida hana haja na kitu kama hicho. Lichukulie kuwa shambulio hadi mtaalamu athibitishe vinginevyo.

Tano: nani angeweza kuandika hili, na lini? Kumbuka ulichofanya siku chache zilizopita. Je, umesakinisha printa, umebadilisha programu ya kukinga virusi, umeletewa flashi, umefungua kiambatisho cha barua pepe? Kama kompyuta ni ya afisi au ya shule, muulize msimamizi kama ameweka masharti. Swali hili moja humaliza kesi nyingi kuliko uchunguzi wowote wa kitaalamu.

Sita: shahidi wa pili anasema nini? Sasisha skana yako kisha uchunguze upya, kwa sababu kengele za uongo hurekebishwa kwa masasisho. Kisha tumia chombo cha pili. Microsoft Safety Scanner hupatikana bure, na nakala yake hufanya kazi kwa siku 10 tangu kupakuliwa, ndipo unapaswa kupakua mpya. Kwa faili moja, tovuti ya VirusTotal inayomilikiwa na Google huonyesha maoni ya skana nyingi kwa pamoja. Moja au mbili zikilalamika kati ya makumi, kosa linawezekana. Zikilalamika nyingi, amini. Zisipolalamika hata moja, bado usijiridhishe kabisa, kwani kirusi kipya huenda hakijafahamika popote.

Hapa kuna tahadhari kwa watumishi wa umma. Faili linalopakiwa VirusTotal linaweza kuonekana na kampuni na watafiti wengine. Usipakie kamwe hati yenye majina, vitambulisho au maelezo ya afya ya wakaazi. Tafuta kwa alama ya utambulisho ya faili badala ya faili lenyewe. Fungua Command Prompt, andika certutil -hashfile, kisha njia ya faili, kisha SHA256. Utapata mstari wa tarakimu na herufi 64. Mstari huo ndio unaoutafuta kwenye tovuti, na hakuna hati inayotoka kwenye mashine yako.

Turudi kwa karani

Onyo lake la kwanza linasema hivi: HKCU, Software, Microsoft, Windows, CurrentVersion, Policies, System, na karatasi inaitwa DisableTaskMgr yenye thamani 1. Maana yake ni kwamba mtumiaji huyu amezuiwa kufungua Task Manager, dirisha linaloonyesha programu zinazoendelea. Virusi hupenda kuweka kizuizi hiki ili visifungwe. Lakini wasimamizi wa kompyuta za umma nao hukiweka, ili mtumiaji asizime programu za ulinzi au za kuhesabu muda.

Karani anapiga simu idara ya TEHAMA. Jibu: ni sisi tuliokiweka, kwenye kompyuta zote za afisi za wadi. Hiyo ni kengele ya uongo. Angeliondoa onyo hilo, huenda lingerudi, kwa sababu masharti yanayotumwa kutoka seva kuu hukaguliwa upya yenyewe, kwa kawaida kila baada ya dakika 90 hadi 120. Wengi wakiona onyo limerudi husema ni kirusi kisichosikia dawa. Kurudi kwa onyo si ushahidi wa upande wowote. Swali ni anayelirudisha ni nani. Amri ya gpresult /r kwenye Command Prompt huorodhesha masharti yaliyotumwa kwenye mashine.

Sasa chukua onyo hilo hilo, herufi kwa herufi, kwenye kipakatalishi cha mwalimu nyumbani ambacho hakijaunganishwa na afisi yoyote. Hakuna msimamizi na hakuna seva kuu. Nani basi aliandika? Hapo onyo ni zito, na mwalimu anapaswa kulishughulikia kama shambulio. Skana imetoa maneno yale yale, hukumu ni mbili tofauti.

Onyo la pili liko kwenye Run ya HKLM, na jina lake lina Gen. Linaelekeza kwenye faili ndani ya Program Files, katika folda ya kampuni iliyotengeneza printa ya afisi. Saini ya kidijitali ipo na ni halali. Printa iliwekwa wiki iliyopita na fundi wa idara. Karani anasasisha skana, anachunguza upya, na onyo halipo tena. Skana ilikisia vibaya, ikajirekebisha. Kengele ya uongo ya aina ya pili.

Onyo la tatu liko kwenye Run ya HKCU. Karatasi inaitwa kwa jina linalofanana na Windows Update. Faili linaloelekezwa liko ndani ya AppData, halina saini, na liliundwa Alhamisi alasiri. Hapa mambo mawili hayapatani. Huduma ya kusasisha Windows ni sehemu ya mfumo wenyewe, haianzishwi kutoka folda ya mtumiaji mmoja. Pia karani anakumbuka kwamba Alhamisi alasiri alichomeka flashi ya mtu aliyekuja kuchapisha barua. Anatafuta alama ya faili VirusTotal, na skana nyingi zinalitaja. Hii si kengele ya uongo.

Katika maonyo matatu, mawili ni ya uongo na moja ni la kweli. Ndiyo maana kuondoa vyote ni kosa, na kupuuza vyote ni kosa kubwa zaidi.

Onyo lisilopendeza si onyo la uongo

Kuna aina ya onyo ambayo wengi hulipuuza kwa hiari. Kompyuta nyingi zinazouzwa zikiwa zimetumika huja na Windows au Office iliyofunguliwa kwa programu haramu ya kukwepa leseni. Microsoft Defender huziita HackTool:Win32/AutoKMS, na baadhi yake huacha karatasi ndani ya Image File Execution Options. Fundi aliyeuza mashine atakuambia usijali, hiyo ni kengele ya uongo, weka folda hiyo kwenye orodha ya vitu visivyochunguzwa.

Skana haijakosea. Imesema ukweli usiopendeza: ndani ya mashine kuna programu isiyo na mwenyewe anayejulikana, yenye ruhusa kamili juu ya mfumo. Hata kama nakala yako inafanya kazi ya kukwepa leseni tu, huna njia ya kujua ni nini kingine kilichofungwa nayo. Folda iliyotolewa kwenye uchunguzi nayo huwa maficho ya kudumu. Kwa mashine inayotumika kulipia ushuru au kuingia kwenye akaunti za wateja, hilo ni deni ambalo siku moja litadaiwa.

Katika ufunguo huo huo wa Image File Execution Options unaweza kukuta pia mambo mawili yanayokinzana. Process Explorer, chombo halali cha Microsoft, kinapoagizwa kichukue nafasi ya Task Manager huandika karatasi inayoitwa Debugger chini ya taskmgr.exe. Skana ikilalamika, na wewe au fundi wako ndio mlioweka chombo hicho, ni kengele ya uongo. Lakini karatasi ya Debugger chini ya sethc.exe inayoita cmd.exe ni jambo jingine kabisa. Inamwezesha mtu aliyesimama mbele ya kompyuta iliyofungwa kubonyeza kitufe cha Shift mara tano na kupata dirisha la amri lenye mamlaka yote, bila nenosiri. Mafundi wengine huiacha baada ya kumsaidia mteja aliyesahau nenosiri. Hata kama nia ilikuwa njema, mlango umebaki wazi. Iondolewe.

Makosa yametokea pande zote mbili

Mtu asidhani kengele za uongo ni kisingizio cha wavivu. Tarehe 21 Aprili 2010, sasisho moja la McAfee lilikiita kirusi svchost.exe, faili la msingi la Windows XP. Kompyuta katika afisi, hospitali na shule za nchi mbalimbali zilikatika mtandao na kujizima na kujiwasha bila kukoma. Kilichozidhuru kilikuwa dawa yenyewe. Septemba 2022, Microsoft Defender ilitoa onyo la Behavior:Win32/Hive.ZY kila watu walipofungua Chrome na programu nyingine za kawaida, hadi Microsoft ilipotoa sasisho la kurekebisha.

Upande wa pili, Agosti 2014 watafiti walieleza programu ya wizi iitwayo Poweliks. Yenyewe haikuacha faili la kawaida kwenye diski. Ilijificha yote ndani ya rejista, kwenye orodha ya Run, kwa jina ambalo chombo cha kawaida cha kusomea rejista hakikuweza kulionyesha. Aliyepuuza onyo la rejista kwa sababu "hakuna faili lolote" alikuwa amepuuza kirusi chenyewe.

Hatua za kuchukua

Ukiwa bado hujajua, weka kitu hicho karantini badala ya kukifuta. Karantini hukizuia kufanya kazi na hukuachia njia ya kukirudisha ikibainika ni halali. Kabla ya hapo piga picha ya skrini yenye jina lote na njia yote, pamoja na tarehe na saa. Picha hiyo ndiyo fundi atakayoihitaji kwanza.

Kwenye kompyuta yako binafsi, unaweza kuhifadhi nakala ya ufunguo kabla ya kuubadilisha: fungua regedit, bofya ufunguo kwa kitufe cha kulia, chagua Export. Tengeneza pia restore point, ili mashine iweze kurudishwa ilivyokuwa. Kwenye kompyuta ya kaunti, usiguse rejista. Kazi yako ni kupiga picha, kuweka karantini na kuripoti.

Ukithibitisha ni kengele ya uongo, iruhusu karatasi hiyo moja tu. Usiitoe folda nzima kwenye uchunguzi, wala usizime ulinzi. Andika kwenye daftari la afisi: tarehe, jina la onyo, aliyethibitisha na sababu. Atakayekalia kiti hicho baada yako hatalazimika kuanza upya.

Ukithibitisha ni hatari ya kweli, au ukishindwa kuamua, ondoa kompyuta kwenye mtandao: chomoa waya au zima Wi-Fi. Usichomeke flashi yoyote. Usiingie kwenye akaunti ya benki, eCitizen au barua pepe kutoka mashine hiyo. Badilisha manenosiri yako ukitumia kifaa kingine kilicho salama. Kufuta karatasi ya rejista pekee hakutoshi, kwa sababu umechana agizo lakini aliyeliandika bado yumo ndani. Mashine inahitaji kuchunguzwa yote, na mara nyingine kusakinishwa upya.

Kuchelewa kuripoti kuna gharama pia kisheria. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, taasisi ambayo data binafsi iliyo mikononi mwake imefikiwa na mtu asiye na ruhusa, na kuna hatari ya kweli ya madhara kwa wenyewe, inapaswa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu kufahamu. Orodha ya basari ina majina ya watoto, ya wazazi na hali ya mapato yao. Karani anayenyamazia onyo la Ijumaa jioni hadi Jumatatu huenda akawa amemaliza muda huo bila kujua, na wazazi wakawa hawana habari kwamba maelezo yao yako mikononi mwa matapeli.

Kwa ufupi

Soma jina. Soma anwani. Fuata inakoelekeza. Uliza nani aliandika. Sasisha na utafute shahidi wa pili. Weka karantini kabla ya kufuta. Usione haya kuuliza: simu moja kwa idara ya TEHAMA kuhusu onyo lililogeuka kuwa la uongo humgharimu fundi dakika chache, na hakuna mtumishi anayepaswa kulaumiwa kwa kuipiga.

Wafanyakazi wa kaunti waripoti kwa afisa wa TEHAMA wa idara zao siku hiyo hiyo wanapoona onyo. Shule zimwone kwanza msimamizi wa maabara. Wenye vibanda vya saiba na wakaazi wengine wanaohitaji mwongozo wanaweza kufika katika afisi ya msimamizi wa wadi iliyo karibu, wakiwa na picha ya onyo walilolipata. Matukio ya mashambulizi ya mtandaoni hupokelewa pia na kitengo cha taifa, KE-CIRT, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.